SIKIO HUSAHAU UPESI

Mwaka 1916, katika ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York, Marekani, mwimbaji Marie Rappold alisimama jukwaani kando ya kinanda cha santuri kilichotengenezwa na kampuni ya Thomas Edison. Santuri ilipoanza kuzunguka, sauti yake mwenyewe iliyonaswa humo ilisikika, naye akaimba pamoja nayo. Mara alinyamaza, mashine ikaendelea peke yake. Mara akarejea, sauti mbili zikawa moja. Kati ya mwaka 1915 na 1925 kampuni hiyo ilifanya maelfu ya maonyesho kama hayo katika miji ya Marekani. Katika mengi yao taa zilizimwa, na watazamaji wakatakiwa wabashiri ni lini aimbaye ni mtu na ni lini ni mashine. Taa zilipowashwa tena, jukwaa lilikuwa tupu. Mwimbaji alikuwa ameondoka zamani. Watu wengi walikiri kwamba hawakuweza kutofautisha.

Santuri hizo zingalipo hata leo. Mtu wa sasa akizisikiliza hushangaa. Sauti ni nyembamba, mkwaruzo ni mwingi, wala haimjii kamwe kwamba aliyemo humo ni mtu aliyesimama mbele yake. Je, watazamaji wale walikuwa viziwi? La, hasha. Sababu moja ilielezwa miaka mingi baadaye na mwimbaji mwingine wa maonyesho hayo, Anna Case, aliyesema kwamba yeye aliirekebisha sauti yake ifanane na ile ya mashine. Sababu ya pili ilikuwa ndani ya watazamaji wenyewe. Sauti iliyokwisha kupita haiwezi kuwekwa mezani kando ya sauti iliyopo, zikapimwa kama vitambaa viwili dukani. Moja imo masikioni, nyingine imo katika kumbukumbu tu. Na kumbukumbu ya sikio, kama wataalamu walivyokuja kuthibitisha, ni fupi mno.

Jambo hili lina uzito mkubwa kwa watu wa namna tatu: mpenzi wa muziki anayetoa akiba yake kununua vyombo vya sauti, polisi anayemwuliza shahidi kama anaikumbuka sauti ya mhalifu, na askari ambaye masikio yake hukaa karibu na bunduki.

GHALA YA MWANGWI

Mwaka 1967 mtaalamu wa Kimarekani wa elimu ya nafsi, Ulric Neisser, aliandika juu ya kumbukumbu ya namna ya pekee aliyoifananisha na mwangwi. Sauti ikiingia sikioni, akili huihifadhi karibu kama ilivyo, pamoja na ung'avu wake, unene wake na mikwaruzo yake. Lakini huihifadhi kwa sekunde chache tu. Kila mtu amepata kuiona ghala hii ikifanya kazi. Bibi anamwita mumewe aliyezama katika gazeti, mume anajibu, "Unasemaje?" na kabla bibi hajarudia, mume tayari amekwisha kutambua alichoambiwa. Maneno yalikuwa bado yanalia ndani ya kichwa chake. Lau angalingoja nusu dakika, yasingalikuwapo tena.

Mwaka 1970 Diana Deutsch alionyesha kwamba hata muda huo mfupi huharibika kwa urahisi. Aliwasikilizisha watu mlio mmoja, akangoja sekunde 5, kisha akawasikilizisha mlio wa pili na kuwauliza kama milio hiyo miwili ilikuwa sawa au ilitofautiana. Kulipokuwa kimya katikati, karibu kila mtu alijibu sawasawa. Hata sauti ya mtu aliyekuwa akitaja tarakimu katikati haikuwasumbua sana. Lakini ilipoingizwa milio mingine katikati, makosa yalipanda hadi karibu theluthi moja ya majibu yote. Yaani sauti mpya huifuta ile ya zamani, kama vile wimbi linavyofuta unyayo mchangani.

Baada ya ghala hiyo kufutika, hubaki nini? Hubaki maelezo. Akili huchukua yale iliyoyaona kuwa ya maana na kuyatia katika maneno: sauti ilikuwa nene, ilikuwa tamu, ilikuwa kali. Maneno hayo hudumu, lakini sauti yenyewe imekwisha kwenda. Tena maneno yana tabia moja mbaya: hukubali kubadilishwa na yale mtu anayoyatarajia.

MPENZI WA SAUTI NA PAZIA

Tangu santuri za muda mrefu zilipotolewa mwaka 1948, na zile za sauti ya pande mbili zilipoingia madukani miaka kumi hivi baadaye, walizuka Marekani, Uingereza na Japani watu ambao starehe yao kubwa ni ubora wa sauti. Hao hununua amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti, kwa fedha ambazo wengine wangalinunulia gari. Hubadili nyaya za spika, hubadili sindano za santuri, kisha huketi usiku na kusikiliza. Wengi wao husema wanakumbuka barabara jinsi mashine waliyokuwa nayo miaka mitano iliyopita ilivyolia, na ni kwa jinsi gani hii mpya inaishinda.

Hapana sababu ya kuwacheka. Wanapenda muziki kwa dhati, na wengi wao wana masikio makini. Lakini kuondoa mashine moja na kuunga nyingine huchukua dakika tano au kumi. Katika dakika hizo ghala ya mwangwi imejazwa na kufutwa mara nyingi. Kile wanacholinganisha si sauti na sauti, bali ni sauti na maelezo.

Ili kuondoa shaka hiyo, wataalamu walibuni jaribio la haki. Lilielezwa mwaka 1950 na Munson na Gardner wa maabara ya simu ya Bell, na mwaka 1982 David Clark akaeleza chombo cha kulifanyia. Msikilizaji hupewa vitufe vitatu. Cha kwanza humpa mashine A, cha pili mashine B, na cha tatu humpa X, ambayo ni mojawapo ya hizo mbili bila yeye kujua ni ipi. Hubadilisha apendavyo, papo kwa papo, kisha hutaja X ni ipi. Hurudia mara nyingi, tuseme mara 16. Anayebahatisha tu atapata nusu. Akipata 12 au zaidi, yafaa aaminiwe, kwa maana mbahatishaji hufikia idadi hiyo chini ya mara 4 katika kila majaribio 100.

Matokeo yaliwaumiza wengi. Mwaka 1987 gazeti la Kimarekani la Stereo Review lilichapa habari za jaribio ambamo wasikilizaji 25, wakiwamo wapenzi wa sauti wenye imani thabiti, walilinganishiwa amplifaya ambazo bei zake zilianzia dola 200 na kitu hadi dola 12,000. Majibu yao kwa jumla hayakuwa bora kuliko ya mtu arushaye sarafu. Lakini walipoziona mashine na majina yake, walikuwa na mengi ya kusema.

Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive walifanya jaribio jingine, safari hii la spika. Watu 40 waliokuwa wafanyakazi wa kampuni yao wenyewe walisikiliza spika nne. Kwanza zikiwa zimefichwa, halafu zikiwa wazi. Spika, tofauti na amplifaya, hutofautiana kweli, na wasikilizaji walizitambua tofauti hizo. Hata hivyo zilipoonekana kwa macho, alama zilibadilika. Spika kubwa na nzuri za gharama zilipanda. Ile seti ndogo ya bei rahisi, iliyofanya vizuri gizani, ilishuka. Macho yalikuwa yameyaamuru masikio.

Wapenzi wengi wa sauti walijibu kwamba majaribio ya haraka hayafai. Walisema kwamba tofauti ndogo hujulikana tu mtu anapokaa na mashine nyumbani kwake kwa majuma mengi. Hoja hiyo ina sura ya busara, nayo ilistahili kupimwa. David Clark aliueleza mkutano wa wahandisi wa sauti mwaka 1991 jinsi wapenzi wa sauti walivyopewa visanduku vya kuunga katika vyombo vyao nyumbani. Vingine havikufanya lolote, vingine viliharibu sauti kwa makusudi. Waliokaa navyo kwa muda mrefu hawakuweza kuvitambua. Kundi jingine, lililotumia njia ya kubadilisha papo kwa papo, liliutambua uharibifu huohuo kwa muda mfupi. Muda mrefu haukulisaidia sikio, uliliponza.

FIDLA ZA WAZEE

Hata mafundi wakubwa wa muziki hawakuepukana na jambo hili. Kwa muda mrefu imesemwa kwamba fidla zilizoundwa na Antonio Stradivari huko Cremona, Italia, zaidi ya miaka 300 iliyopita, zina sauti ambayo hakuna fundi wa sasa awezaye kuifikia. Fidla moja ya namna hiyo huuzwa kwa mamilioni ya dola. Mwaka 2010, mjini Indianapolis, Claudia Fritz na wenzake waliwaalika wapiga fidla 21 wenye ujuzi, wakawavisha miwani ya giza, wakawapa fidla tatu za kale na tatu mpya. Hata harufu ya mbao kuukuu ilifichwa kwa manukato. Walipoulizwa wangeichukua ipi kwenda nayo nyumbani, 13 walichagua fidla mpya. Tena wengi wao hawakuweza kusema kama fidla waliyoichagua ilikuwa ya kale au mpya.

YANAYODUMU

Isije ikadhaniwa kwamba sikio halikumbuki kitu. Lipo jambo linalodumu, nalo ni la ajabu.

Mwaka 1994 Daniel Levitin aliwaomba watu 46, ambao hawakuchaguliwa kwa ustadi wa uimbaji, waimbe kutoka kichwani nyimbo wazipendazo zilizonaswa katika rekodi. Baadaye uimbaji wao ulilinganishwa na rekodi zenyewe. Watu 4 katika kila 10 waliianza nyimbo mojawapo kwa mlio uleule hasa wa rekodi. Miaka miwili baadaye yeye na Perry Cook walipima mwendo wa nyimbo hizo, wakaona kwamba karibu robo tatu za uimbaji huo hazikupishana na rekodi kwa zaidi ya sehemu 8 katika 100. Hapana aliyewafundisha, walikuwa wamesikia tu, mara nyingi.

Sauti ya mtu wa karibu hukaa zaidi. Mwaka 1980 DeCasper na Fifer walionyesha kwamba watoto wachanga wasiozidi siku tatu tangu kuzaliwa hunyonya chuchu ya mpira kwa mwendo fulani, ili mradi waisikie sauti ya mama yao badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Mtoto ambaye bado hajaujua uso wa mama yake vizuri, sauti yake ameijua tangu tumboni.

Basi kanuni ni hii. Sikio hukumbuka vizuri kile kilichorudiwa mara nyingi na chenye maana: wimbo, mwendo wa ngoma, hatua za baba akirudi kutoka zamu. Halikumbuki chembechembe ndogo za ubora wa sauti iliyosikiwa mara moja. Mpenzi wa sauti anakumbuka muziki kweli. Ila asichokikumbuka ni mashine.

SAUTI MBELE YA HAKIMU

Kwa polisi, tofauti hiyo inaweza kuwa tofauti ya uhai na kifo.

Tarehe 1 Machi 1932 mtoto mchanga wa rubani mashuhuri Charles Lindbergh aliibwa nyumbani kwao katika jimbo la New Jersey, Marekani. Usiku wa tarehe 2 Aprili, Lindbergh aliketi ndani ya gari karibu na makaburi ya mjini New York huku mjumbe wake akipeleka dola 50,000 za kumkomboa mtoto. Kutoka gizani alisikia mtu akimwita mjumbe huyo kwa maneno machache tu. Mtoto alikutwa amekufa. Miaka miwili na zaidi ikapita kabla ya Bruno Richard Hauptmann kukamatwa, Septemba 1934. Mwezi Januari 1935 Lindbergh aliliambia baraza la mahakama kwamba sauti aliyoisikia usiku ule ilikuwa ya Hauptmann.

Ushahidi huo haukuwa peke yake. Sehemu ya fedha za fidia ilipatikana katika banda la gari la mshtakiwa, na mbao za ngazi iliyotumika zilichunguzwa. Hauptmann alihukumiwa na kuuawa tarehe 3 Aprili 1936. Lakini swali lilibaki: je, mtu anaweza kuikumbuka sauti ya mgeni aliyesikia maneno yake machache miaka miwili na nusu iliyopita?

Mwanamke mmoja mtaalamu, Frances McGehee, aliamua kulipima swali hilo, akachapa matokeo yake mwaka 1937. Aliwasikilizisha wanafunzi sauti ya mtu wasiyemjua aliyesoma maneno nyuma ya pazia. Baadaye akawataka waitambue miongoni mwa sauti tano. Baada ya siku moja, 83 katika kila 100 walipata. Baada ya majuma mawili, 69. Baada ya miezi mitatu, 35. Baada ya miezi mitano, 13 tu, ambayo ni chini ya wale ambao wangalipata kwa kubahatisha.

Funzo kwa askari polisi liko wazi. Shahidi aliyesikia sauti aulizwe mapema, siku ileile ikiwezekana, na maneno yake yaandikwe kabla hajazungumza na wenzake. Asisikilizishwe sauti ya mshukiwa mmoja pekee, maana hapo ni kama kumwambia jibu. Asikilizishwe miongoni mwa sauti nyingine zinazofanana nayo kwa umri na lafudhi. Na ashikilie kwa nguvu kiasi gani kwamba "ndiyo yenyewe", uhakika wake si kipimo cha ukweli. Wale wapenzi wa amplifaya nao walikuwa na uhakika.

KABLA YA KUNUNUA REDIO

Kwa bibi na bwana wanaokwenda dukani kununua redio au spika, yako mambo manne ya kukumbuka.

La kwanza, sauti zilingane kwa ukubwa. Sauti iliyo kubwa kidogo tu, hata kwa desibeli moja, haisikiki kuwa kubwa zaidi. Husikika kuwa bora zaidi. Wako wauzaji waijuao siri hii.

La pili, vyombo viwili vichezewe kipande kilekile cha wimbo, kimoja baada ya kingine bila kukawia. Kusikiliza kimoja leo na kingine Jumamosi ijayo ni kazi bure.

La tatu, mmoja afumbe macho au ageuke nyuma, na mwenzake abadilishe pasipo kusema. Asiyeweza kutofautisha mara nyingi mfululizo, achukue kile cha bei rahisi, na fedha inayobaki inunue sare za watoto.

La nne, wimbo utakaotumika uwe ule unaofahamika sana nyumbani, kwa kuwa huo ndio sikio linaoukumbuka kweli.

HASARA ISIYOSIKIKA

Liko neno la mwisho, nalo lawahusu askari zaidi ya watu wote.

Mlio wa bunduki ya kijeshi karibu na sikio hupita desibeli 140. Kelele ya desibeli 85, kwa mtu anayeikabili saa 8 kila siku, yatosha kumdhuru baada ya miaka. Ndani ya sikio mna chembe zenye vinywele vidogo mno zinazopokea sauti. Mwanadamu huzaliwa na kama 15,000 tu katika kila sikio, na zikifa hazioti tena. Aghalabu zinazotangulia kufa ni zile za milio ya juu, ambayo ndiyo inayobeba herufi kama s, f na sh. Mtu husikia kwamba ameitwa, lakini asijue kama ameambiwa "fika" ama "shika".

Mwenye masikio hayo, je, hatambui? Mara nyingi hatambui. Usikivu wake hupungua kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na kila asubuhi huona anasikia kama jana. Hana kumbukumbu ya jinsi ndege walivyolia alipokuwa kijana wa miaka 20, akaweza kuilinganisha na sauti ya leo. Ufupi uleule wa kumbukumbu unaompotezea tajiri wa New York dola zake ndio unaomficha askari hasara yake. Yeye husema kwamba watu wa siku hizi hawatamki maneno vizuri.

Anayejua ni mke. Yeye ndiye anayeona kwamba redio iliyokuwa ikifunguliwa hadi robo sasa inafunguliwa hadi nusu, na kwamba mtoto mdogo mwenye sauti nyembamba hujibiwa na mama tu. Wahenga walisema sikio halilali na njaa. Ni kweli, kila siku hupata habari ya kula. Ila likishapoteza uwezo wake, halimwambii mwenyewe kwamba limepungukiwa.

Kwa hiyo uwanja wa shabaha usiingiliwe bila vizibo vya masikio, hata kwa risasi moja. Na mke anaposema, "Baba fulani, redio imezidi," mume asikasirike wala asijitetee kwamba anasikia kama zamani. Zamani yenyewe sikio limekwisha kuisahau. Aende zahanati ya kikosi akapimwe.